Fundi Twamwita, Binti Twamnyima



Ewe msomaji uliyeko Tanga, Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu au Bagamoyo, napenda tuanze kwa swali dogo. Mara ya mwisho ulipomwita fundi nyumbani kwako, awe wa bomba, wa umeme au wa kuezeka paa, ulimkaribisha wapi? Je, ulimkalisha barazani ukampa kikombe cha kahawa kama umfanyiavyo mgeni yeyote, au ulimwonyesha mlango wa uani, akaingia, akafanya kazi, akalipwa na kutokea huko huko? Na lau fundi yule yule angerudi juma la pili, amevaa kanzu safi, ameongozana na wazee wake na barua ya posa mkononi, ungempokea vipi?

Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, kisha tuendelee.

Nayaandika haya nikiwa Babati, mji mkuu wa mkoa wa Manyara. Kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa pwani; riziki ndiyo iliyonileta bara miaka mingi iliyopita. Mji huu uko chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko, penye njia panda ya magari yaendayo Arusha, Dodoma na Singida. Tangu ilipozinduliwa barabara ya lami ya kutoka Dodoma mwaka 2018, malori hayakatiki usiku wala mchana. Mbaazi mnazozipika kwa nazi na kuzila kwa maandazi asubuhi, huenda nyingine zimetoka katika mashamba ya huku kwetu. Kabla hazijafika jikoni mwenu zimepita katika mikono ya mafundi wengi: aliyelichomelea jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipovunjika, aliyeitengeneza mashine ya kupukuchulia, na yule aliyeamshwa saa nane za usiku kumfungulia dereva injini iliyomfia njiani. Wazee wetu wa pwani, waliokuwa waunda majahazi, walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Sisi tumebaki kuvitazama vinavyoelea, aliyeviunda tumemsahau.

KOSA LANGU MWENYEWE

Si uungwana kumnyooshea mtu kidole hali mikono yangu si safi. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu.

Mwanangu wa pili alimaliza kidato cha nne akapata daraja la nne. Mimi niliona dunia imenianguka. Nikamlipia arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mara ya kwanza na mara ya pili, na kila mara matokeo yalitoka karibu yale yale. Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuniambia, kwa adabu, kwamba moyo wake uko katika magari. Tangu utoto wake alikuwa akitoka madrasa anapitia gereji za barabarani, anasimama kutazama mafundi mpaka magharibi. Nilikuwa nikimfuata huko na kumrudisha nyumbani kwa ukali, kana kwamba nimemkuta katika nyumba ya kamari.

Mwisho fedha zilinishinda, nikamwacha aende chuo cha VETA cha mkoa wetu, hapa hapa Babati, akasome ufundi wa magari. Lakini nilimwacha kama mtu anayekubali msiba. Katika mwaka ule tulishuka Tanga kwa harusi ya ndugu. Tukiwa tumekaa ukumbini, ami yangu mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Na huyu kijana wako anasoma nini siku hizi?" Nami nikajibu upesi, bila hata kufikiri, "Anasomea uhandisi." Wazee wakamwombea dua, wakanipongeza. Kijana alikuwa ameketi nyuma yangu, na hakusema neno.

Tulipokuwa njiani kurudi, basi limekwisha pita Korogwe na abiria wengi wamelala, akaniambia taratibu, "Baba, mimi sisomei uhandisi. Uliniombea dua kwa watu kwa jambo lisilo langu." Sikuwa na jibu. Nilijifanya nami nimelala.

Miaka ikapita. Kijana akahitimu, akafanya kazi chini ya fundi mkubwa, kisha akafungua gereji yake ndogo yenye vijana wawili wanaojifunza kwake. Hakai kwangu, halipiwi kodi na mtu, na mama yake humtumia kila mwezi. Akampenda binti wa jamaa zetu kule pwani. Tukapeleka posa kwa taratibu zote. Majibu yakaja kwa lugha tamu ya watu wa pwani: kijana ni mzuri, dini anayo, adabu anayo, ila wanaonelea asubiri kwanza apate kazi.

Dada yangu, aliyekuwa mjumbe wetu, akauliza, "Kazi ipi tena, na gereji anayo?"

Akajibiwa, "Tunakusudia kazi ya kuajiriwa."

Nilikasirika sana siku ile, nikasema maneno mengi juu ya kibri cha jamaa zetu. Usiku nilipotulia nafsi yangu ikanihukumu. Wao walimkataa kijana mara moja tu, tena kwa maneno ya staha. Mimi baba yake nilimkataa zamani, ndani ya ukumbi wa harusi, mbele ya masikio yake. Tena nililitia jambo hilo uongo, nao hawakusema uongo.

DHARAU HII IMETOKA WAPI?

Ndugu msomaji, maradhi hayatibiwi bila kujulikana chanzo chake. Kwa maoni yangu mzigo huu wa dharau umefungwa kwa kamba tatu.

Kamba ya kwanza ni ya utumwa, nasi watu wa pwani hatupendi kuitaja. Zamani zile kazi ya jasho ilihesabiwa kuwa ni ya mtumwa, na muungwana alijulikana kwa weupe wa kanzu yake na ulaini wa viganja vyake. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria haifiki ndani ya kifua cha mtu. Tuliuacha utumwa, tukabaki na vipimo vyake vya heshima.

Kamba ya pili ni ya ukarani. Wajerumani walipofungua shule ya serikali pale Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, walihitaji watu wa kuandika hesabu zao na kupeleka amri zao. Kijana wa kwetu aliyejua kalamu akawa karani, mwalimu au akida, na watu wakamwogopa. Waingereza wakaja wakaendeleza. Hivyo kwa zaidi ya miaka 60 mtoto wa pwani aliona kwa macho yake kwamba mwenye kalamu huamrisha na mwenye nyundo huamrishwa. Wakoloni wamekwenda zao, lakini sisi tungali tukiwaambia watoto, "Soma ili ukakae ofisini."

Kamba ya tatu tuliifunga wenyewe baada ya uhuru, ingawa nia ilikuwa njema. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akionya kuwa shule isimfarakishe mtoto na kazi za wazazi wake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 vikafunguliwa vituo vya ufundi katika baadhi ya shule za msingi, vifundishe useremala, uashi, uhunzi na upishi. Ila walioingia humo walikuwa wale waliomaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari. Wazazi wakafahamu mara moja: hapa ndipo pa kuwaweka walioanguka. Ikawa ufundi unaingiwa kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa kushindwa. Na mtu akiingizwa kwa mlango huo, hata akitoka na ujuzi kama wa nani, watu wanakumbuka alikoingilia.

VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake vimeenea mikoani, lakini fikira ile imeingia navyo. Ndiyo maana naona kuna kheri katika Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, iliyoweka katika sekondari mkondo wa amali kando ya mkondo wa elimu ya jumla. Angalau sasa mtoto anaweza kuuchagua ufundi kabla hajaanguka mtihani. Kama sisi wazazi tutamruhusu achague, hilo ni jambo jingine.

NENO "AMALI"

Hebu tulitazame neno lenyewe. Ndugu zetu wa Zanzibar wametangulia kulitumia. Wanayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Neno hili ni lile lile tunalolitamka msikitini tunaposema amali njema, tunapokumbushana kuwa matendo yote ni kwa nia, na kwamba kaburini mtu hufuatwa na amali yake tu, mali na watu wake wakarudi. Fundi anayefunga breki za basi la abiria, akazifunga kwa uaminifu hata mahali asipoonekana na mtu, amelinda roho za watu ambao hatawajua majina. Nani atathubutu kusema kuwa hiyo haikuandikwa?

Tukirejea kwa Mitume (A.S.), Qur'ani inatueleza kuwa Nabii Nuhu aliamrishwa kuunda jahazi kwa ufunuo wa Mola wake, na watu wakubwa wa kaumu yake kila walipopita walimcheka. Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza nguo za vita. Alikuwa mfalme, na hata hivyo Mtume wetu (S.A.W.) ametufahamisha kuwa alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake, na kwamba hakuna chakula bora kuliko hicho. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Mtume wetu mwenyewe, kwa mapokezi ya Bibi Aisha (R.A.), alikuwa akivitengeneza viatu vyake na kuzishona nguo zake. Na mimbari ya kwanza ya msikiti wa Madina iliundwa na fundi seremala, mtumwa wa bibi mmoja wa Kiansari.

Wanavyuoni nao hawakuuona ufundi kuwa ni jambo la pembeni. Imam Ghazali katika Ihya amezitaja kazi kama kilimo, ufumaji na ushonaji pamoja na utabibu katika mambo ya faradhi ya kutoshelezana: pasipopatikana hata mmoja mjini wa kuifanya, wote wanaingia katika dhambi. Tizama basi. Tunajua vizuri sana kuwa maiti asipooshwa mji mzima una lawama, lakini hatufikiri kuwa mji usio na fundi nao una lawama.

Na katika madhehebu yetu ya Shafi kuna al-Qaffal al-Marwazi, miongoni mwa maimamu wakubwa, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Jina lake lina maana ya mtengeneza makufuli, na ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alianza kusoma elimu akiwa na umri wa miaka 30 hivi, na mikono yake ilikuwa na alama za kazi ile. Watu hawakulificha jina la makufuli ili kumtukuza. Wameliandika katika vitabu, nasi tunalisoma mpaka leo. Mimi nilimficha mwanangu nyuma ya neno "uhandisi".

SUALA LA KAFAA

Najua msomaji mwenye elimu atanisimamisha hapa, naye ana haki. Atasema, "Bwana mwandishi, je, kazi haikutajwa katika kafaa?"

Imetajwa, sitaficha. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana pwani, ameiweka kazi ya mtu miongoni mwa mambo ya kafaa, akataja kuwa mfagiaji na mpiga chuku si kufu ya binti wa mshonaji, na mshonaji si kufu ya binti wa mfanyabiashara. Lakini tuyatazame mambo matatu kabla ya kukitumia kitabu kama rungu.

Kwanza, kafaa ni haki ya binti na walii wake, si amri ya kumkataa mtu. Wakiridhia, ndoa inasihi bila wasiwasi. Katika posa ya mwanangu binti hakuulizwa.

Pili, katika kuzipima kazi wanavyuoni wameangalia ada za watu: ipi inahesabiwa duni na ipi haihesabiwi. Ada hubadilika. Na ada ikiwa mizizi yake ni kibri, ni juu yetu kuibadilisha, si kuifanyia ibada. Imam Malik, kama ijulikanavyo, aliitazama zaidi dini ya mtu.

Tatu, imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Banu Bayadha wamwoze Abu Hind na waoe kwake, na Abu Hind alikuwa mpiga chuku, kazi iliyokuwa ikidharauliwa na Waarabu. Ikiwa mpiga chuku aliombewa mke na Mtume, fundi magari ana kosa gani?

MAFUNDI NAO

Ndugu msomaji, haki haiwi haki ikiwa ya upande mmoja. Mafundi nao wana sehemu yao katika kuivunja heshima ya ufundi. Nani katika sisi hajaambiwa "kesho asubuhi mapema", akangoja kesho kumi? Nani hajatoa fedha za kianzio, kisha simu haipokelewi? Wapo wanaobadilisha kifaa kizima kwa kibovu, na wapo wanaoshona nguo ya Idi ikawa tayari Idi imepita. Kijana wangu! Kanzu yako ya Ijumaa haitakufaa ikiwa siku sita nyingine unawala watu amana zao. Ukiahidi, tekeleza. Usipoweza, sema mapema. Bei yako iwe moja kwa mjuzi na asiyejua. Heshima unayoidai kwa watu, nusu yake imo katika mikono yako mwenyewe.

Hata hivyo tusiufanye udhaifu huu kisingizio. Wapo makarani wanaoomba rushwa na madaktari wanaochelewa kazini, wala hatujasikia posa ya daktari ikirudishwa kwa sababu ya daktari mwingine.

TUFANYE NINI?

Tusidhani kuwa wazee wetu wote walikuwa vipofu kwa jambo hili. Mjini Mombasa, Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Harub, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati ule walichanga mali kujenga chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu, kikajulikana kwa jina la MIOME, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Leo chuo hicho kimekua na kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Waliotoa mali ile walijua kuwa umma usiojua kuunda utabaki kununua.

Nasi huku Manyara tulikumbushwa kwa uchungu. Tarehe 3 Disemba 2023 maporomoko ya matope kutoka mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi wakafariki na wengi wakabaki bila makazi, Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia. Baada ya mazishi na dua, haja ya kwanza ilikuwa nini? Ilikuwa ni kufungua barabara, kurudisha maji na umeme, na kujenga nyumba. Siku zile hakuna aliyemuuliza mwashi ana daraja gani katika kidato cha nne.

Kwa hiyo nakunasihi, ewe mzazi, pamoja na nafsi yangu. Mwanao akikuambia anapenda ufundi, msikilize kabla hajaanguka mtihani, usingoje baada yake. Si lazima kila mtoto awe fundi, kama ambavyo si lazima kila mtoto awe wakili. Mwenye kipaji cha vitabu na asome vitabu. Akienda chuo cha ufundi, mpeleke kwa mkono wako kama ungempeleka chuo kikuu. Na aliyejifunzia ufundi kazini bila cheti, mwambie kuwa VETA ina utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi wa namna hiyo. Na watu wakikuuliza anafanya nini, taja kazi yake kwa jina lake.

Mimi nilimwomba radhi mwanangu. Nilimfuata gerejini, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikimtoa kwa ukali alipokuwa mdogo. Alikuwa chini ya gari. Nilimngoja mpaka akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, nikasema niliyokuwa nayo. Akanibusu mkono, na grisi ikabaki kwenye kidole changu.

Binti yule wa pwani aliolewa na mtu mwingine, nasi tunamwombea kheri. Mwanangu ameoa hapa hapa Babati, kwa watu wenye asili ya Kondoa. Mzee wa binti ni mkulima wa mbaazi. Siku ya posa aliuliza maswali mawili tu: je, kijana huyu anaswali? Na je, akiahidi kazi kwa siku fulani, huwa imekwisha siku hiyo? Nilipoulizwa na wazee wa upande wao mwanangu anafanya nini, nilisema, "Ni fundi magari." Sauti yangu haikutetemeka, ingawa naungama kuwa nilikuwa nimejizoeza njiani.

Mwenyezi Mungu atutakase na kibri, awape vijana wetu riziki ya halali itokayo katika mikono yao, na atujaalie tuwaheshimu kwa hiyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.